UZI: Samora kutoka Mnara wa Saa hadi Sanamu ya Askari, tuanze na kivuli ndipo tuje kwenye sanaa

#1 Mpita Samora (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, naomba mwenye nafasi ausome wote kabla hajachangia. Kila linapozuka suala la kupendezesha katikati ya Jiji la Dar, mjadala unakimbilia taa za rangi, chemchemi na sanamu kubwa. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, na Samora ndiyo njia yangu ya kila siku. Ninachokiona pale ni kwamba mtu wa miguu amesahaulika kabisa, na mapambo hayawezi kuziba pengo hilo.

Tuzungumze kipande kimoja tu: Samora Avenue, kuanzia Mnara wa Saa mpaka Sanamu ya Askari. Kwa nini hapo? Tazameni kilichotokea kuanzia 2024. Treni ya SGR imeanza kushusha abiria wa Morogoro na Dodoma pale stesheni, jirani kabisa na Mnara wa Saa. Upande wa bahari kuna boti za Zanzibar, mbele kidogo pantoni ya Kigamboni. Mabasi ya mwendokasi tangu 2016 yanashusha watu Kisutu, Posta ya Zamani na Kivukoni. Mtu akishuka treni na begi lake, anakwenda Posta au kwenye boti kwa miguu. Umbali ni mfupi, na ndio watu wengi wanaofika mjini siku hizi. Kwa hiyo kama fedha ni kidogo, ziende kwanza pale wanapopita wengi.

Sasa hebu pita hapo saa saba mchana. Utatembea umejibanza ukutani ukitafuta kivuli cha ghorofa. Barabara hii Waingereza waliiita Acacia Avenue, kwa sababu ya miti iliyopangwa pembeni. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Majina yamebadilika na miti nayo imekwenda.

Watu waliojenga mji huu zamani walilijua jua la Dar. Angalieni majengo ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyobaki mitaa ya India, Jamhuri na hapo Samora kwenyewe: ghorofa ya kwanza inatoka nje na kufunika njia ya miguu, hivyo unatembea chini ya dari. Mvua ikinyesha hulowi. Kuta zina mapezi ya zege ya kukata jua. Majengo mapya tunayojenga yana vioo mpaka chini, na vioo vile vinamrudishia mpita njia joto usoni. Ningeomba kibali cha ujenzi katikati ya mji kiwe na sharti moja jepesi: jengo lolote jipya linalogusa njia ya miguu litoe baraza lililofunikwa. Sharti hilo haliigharimu halmashauri kitu, na linafanya kazi miaka hamsini.

Pasipo na baraza, miti. Lakini miti gani? Tumepanda sana ashoki, ule mti mrefu mwembamba kama mshumaa. Unapendeza kwenye uzio wa nyumba, ila kivuli chake hakimtoshi hata muuza karanga. Mkrismasi una kivuli kizuri na maua mekundu, lakini mizizi yake inainua vitofali vya njia, unafaa bustanini. Mkungu una kivuli kipana sana, ila unataka nafasi na mfagiaji wa majani. Kwa njia nyembamba mimi ningechagua mwarobaini: unavumilia ukame na unakubali kupogolewa ukaenda juu, ukaacha watu wapite chini. Jambo la muhimu ni shimo. Tunapanda mti, halafu fundi anamwaga zege mpaka shinani. Mti huo hautafika popote, na ukifika utapasua zege.

Njia yenyewe ya kutembea ina tatizo ambalo haliandikwi sana. Kila mwenye jengo amejipimia usawa wake. Huyu amejaza kifusi na kupandisha ngazi mbili, yule ameacha chini, wa tatu ameweka vigae vya sebuleni vinavyoteleza mvua ikidondoka. Katikati kuna nguzo, jenereta, pikipiki zilizoegeshwa na bango la duka. Mama mwenye mtoto mgongoni anaishia kushuka barabarani kupishana na bajaji. Kipimo kinachotumika sana duniani ni mita 1.8 za njia tupu, kwa sababu hapo viti viwili vya magurudumu vinapishana. Nendeni na futi kamba mpime wenyewe ni sehemu gani ya Samora ina mita hizo bila kikwazo.

Ugumu mkubwa uko kwenye mamlaka. Barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, barabara kuu TANROADS. Usafi, miti na vibali vya biashara ni halmashauri ya jiji. Maji na majitaka ni DAWASA, nguzo ni TANESCO, njia ya mwendokasi ni DART. Mita moja ya njia ya miguu ina wakubwa watano au sita na kila mmoja ana bajeti yake na msimu wake wa kuchimba. Ndiyo maana pevingi inawekwa leo, mwezi ujao inafumuliwa kupitisha bomba, ikirudishwa ina mawimbi. Bila mchoro mmoja ambao wote wameusaini, wa chini ya ardhi na wa juu, tutaendelea kuchimba na kufukia.

Nakuja kwenye sanaa, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Sanamu ya Askari ilizinduliwa 1927. Ni shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ilimiminwa London. Imewekwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini hapa Dar aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi, ya mchongaji huyohuyo, ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi.

Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria, njaa na mizigo. Walikuwa watu wa Usukuma, Unyamwezi, Ungoni, Umakonde, kila pembe. Kambi yao ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Mamilioni tunanunua bidhaa pale na sijaona hata jiwe moja linalomweleza mtoto kwamba babu zake walipangwa mistari pale wabebe mizinga ya watu.

Mwaka 2027 sanamu ile inatimiza miaka 100. Mwaka huohuo ndio wa AFCON tuliyopewa pamoja na Kenya na Uganda, wageni watakuwa wanapita hapo hapo. Pendekezo langu: mradi wa kwanza wa sanaa ya mtaani katikati ya jiji uwe kumbukumbu ya wapagazi, isimame kwenye njia hii ya Samora, ibuniwe na msanii wa Tanzania, ipatikane kwa shindano la wazi, michoro yote ianikwe hadharani watu waione kabla ya mshindi kutajwa. Na isiwekwe katikati ya mzunguko wa magari. Yule askari wetu amezungukwa na magari; kusoma maandishi yake lazima uvuke kwa kukimbia. Mpagazi awe usawa wa ardhi, pembeni, chini ya mti, watu wamguse na wakae miguuni pake.

Karibuni tujadili.

#2 Bi Mkubwa wa Kisutu

Mwanangu nimekusoma mpaka mwisho na umeandika vizuri, lakini kuna watu hukuwataja. Sisi tunaopika. Kila nikisikia neno kupendezesha mji, mimi nafikiria sufuria zangu zitapakiwa gari gani. Mwaka 2021 wenzetu machinga waliondolewa barabarani nchi nzima. Nakubali njia zilikuwa zimezibika, hata mimi nilikuwa napita kwa shida. Ila walioondolewa wengi walipelekwa ambako wateja hawafiki, wakarudi kidogo kidogo, na sasa wanauza kwa woga.

Hao wafanyakazi wa maofisini wote unaowaona Posta wanakula kwetu. Wanywa kahawa wanakaa kwetu. Ukipanda miti yako chini yake atakaa mama lishe, hilo usilipinge, lipange. Nenda Forodhani kule Zanzibar ukaone. Bustani ilitengenezwa upya, ikafunguliwa tena 2009 kwa msaada wa Aga Khan, na wauza chakula hawakutupwa. Walipewa sehemu yao, jioni wanapanga meza zao, watu wanatoka mbali kwenda kula pweza na urojo. Ndiyo mapambo ya pale hayo, hakuna sanamu inayowashinda.

Sisi tunataka vitu vinne mchorani: bomba la maji, mtaro wa maji machafu wenye chujio la mafuta, mahali pa taka, na mstari unaoonyesha mwisho wa meza yangu ni wapi. Mstari ukiwepo mimi mwenyewe nitamkemea atakayeuvuka.

#3 Mpita Samora

Shikamoo mama. Hoja hii naichukua kama ilivyo. Mstari unaousema unaweza kuchorwa kwenye sakafu yenyewe kwa vitofali vya rangi nyingine: mita 1.8 za kupita ni za kijivu, upande wa miti na meza ni wa rangi nyekundu. Hapo mgambo, mpishi na mpita njia wote wanaona kitu kimoja, hakuna wa kubishana na mwenzake. Na chujio la mafuta ni lazima, kwa sababu mitaro ya katikati ya mji inaziba kwa mafuta na plastiki zaidi ya mchanga.

#4 Vigae na Zege

Naongea kama fundi ninayetengeneza sanamu na kuta za vigae. Mtu akipewa kazi ya sanaa ya nje Dar bila kujua hewa ya chumvi, fedha imepotea. Sanamu nyingi za mijini tunatengeneza kwa zege lenye nondo, tunapaka rangi ya mafuta. Karibu na bahari chumvi inapenya, nondo inapata kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Utaona kwanza ufa mwembamba, halafu kidole kinadondoka, halafu mkono. Kinga yake ni zege zito lisilo na matundu, kufunika nondo kwa unene wa kutosha, au kuacha nondo za kawaida kabisa.

Michoro ya rangi ukutani ni mizuri na ni rahisi, ila jua la hapa linaimaliza kwa miaka michache. Ikiwekwa, mkataba useme nani atairudia na lini. Kinachodumu ni vigae. Vipande vya vigae vilivyovunjwa, ambavyo maduka ya ujenzi yanavitupa, unapanga picha na hazifubai. Michoro ya Tingatinga inakaa vizuri sana kwenye vigae kwa sababu mistari yake ni mizito na rangi zake ni bapa. Edward Said Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na vipande vya hardboard na rangi za kawaida za dukani, hakusubiri vifaa vya Ulaya. Vituo vya mwendokasi vya katikati vina kuta na sakafu za kutosha kufanyia hivyo, kila kituo na hadithi ya mtaa wake.

Jambo la pili ni mifuniko ya mitaro. Ya chuma inaibwa, inauzwa chakavu, mtu anavunjika mguu. Mimina ya zege, na kwenye ukungu wake mpe msanii achore. Ukungu mmoja unatoa mifuniko mamia. Mji mzima unakuwa na sanaa chini ya miguu kwa gharama ileile ya mfuniko mtupu.

Kuhusu mpagazi: Wamakonde wana ule mtindo wa ujamaa, watu wamepandana, huyu amembeba huyu, mti mmoja wenye roho ishirini. Mpingo wenyewe usiweke nje, jua na mvua vitaupasua. Lakini umbo lile likihamishiwa kwenye shaba au jiwe, wapagazi waliobeba mizigo na kubebana wenyewe, hakuna mchongaji wa London angeweza kulifikiria.

#5 Magurudumu Mawili

Natumia kiti cha magurudumu. Mita 1.8 ni sawa, ila njia pana yenye ngazi mwisho wake kwangu ni ukuta. Mteremko usizidi moja kwa kumi na mbili, yaani ukipanda sentimita 10 uwe na urefu wa sentimita 120. Vile vimiteremko vya kumwaga zege bila kipimo nimeanguka navyo kinyumenyume. Kwenye vivuko, ukingo ushushwe pande zote mbili za barabara, mara nyingi unashushwa upande mmoja, unavuka halafu unabaki na magari. Na mpagazi wenu akiwa usawa wa ardhi mimi nitakuwa wa kwanza kumfikia.

#6 Mwana wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri, ngoja niwape ya kwetu. Pale Moi Avenue kuna Mapembe, mfano wa pembe kubwa za ndovu zilizopinda juu ya barabara. Yaliwekwa mara ya kwanza 1952 kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Kiingereza, baadaye yakatengenezwa ya kudumu. Asili yake haikuwa yetu kabisa. Lakini leo mtu akipotea mjini anaambiwa njoo Mapembeni, na maharusi wanapiga picha hapo. Watu waliyachukua wakayafanya yao kwa sababu yako njiani, unapita chini yake. Mambo ya kuzungushia ua mnara hadi watu wasiusogelee hayasaidii.

Nairobi nako kuna la kujifunza. Sanamu ya Dedan Kimathi iliwekwa 2007 mtaa uleule wenye jina lake, kwenye makutano na mtaa wa Mama Ngina, na watu huisogelea kila siku. Na 2019 Luthuli Avenue ilipunguzwa magari, upande wa miguu ukapanuliwa, miti na viti vikawekwa. Wenye maduka ya elektroniki walihofia wateja watakosa pa kuegesha. Ila ukweli ni kwamba mtu anayenunua redio Luthuli haji na gari, huja na matatu halafu anatembea. Shida ya mtaa wa namna ile ni ulinzi wa nafasi: usipokuwa na nguzo fupi za kuzuia, pikipiki zinahamia kwenye njia ya miguu wiki ileile.

#7 Mlipa Kodi wa Magomeni

Wakuu samahani, mimi napinga. Bonde la Jangwani mvua ikinyesha barabara inafungwa, mwendokasi inasimama, tunalala njiani. Huku kwetu mitaa haina taa. Halafu tunajadili sanamu na vigae Posta, ambako tayari kuna lami? Kodi yangu ianzie kwenye mafuriko. Kila mradi mzuri unaanzia mjini kwa sababu wakubwa wanapita hapo.

#8 Mpita Samora

Mkuu, hujakosea kuuliza, na nisingependa jibu la kukutuliza.

Kwanza, hakuna njia ya miguu katikati ya mji isiyokuwa juu ya mtaro. Ukiijenga sawasawa unafumua mtaro, unaupanua, unaweka mashimo ya kuusafishia, ndipo unafunika juu watu watembee. Mti nao unahitaji udongo ulio wazi, na udongo ulio wazi unakunywa maji ambayo vinginevyo yangekimbilia mabondeni. Mto Msimbazi unapokea maji ya jiji lote lililozibwa kwa zege. Sisemi Samora itaikausha Jangwani, bonde lile lina mradi wake mkubwa na ni lazima ukamilike. Ninachosema ni kwamba kazi ninayoieleza asilimia kubwa ya fedha yake iko chini ya ardhi. Sanaa ni sehemu ndogo, na ikiwa ni mifuniko na sakafu, ni fedha ambayo ingetumika tu.

Pili, kwa nini katikati? Kwa sababu wewe wa Magomeni, na mimi wa Mbagala, na yule wa Gongo la Mboto, wote tunashuka pale asubuhi. Wenye magari wanaegesha ndani ya jengo na kupanda lifti. Anayechomwa na jua Samora ni mtu wa daladala. Lakini nakubaliana nawe kwamba kiwango tutakachokipata hapo kiandikwe, kiwe ndicho kiwango cha Magomeni, Manzese na Tandika, kipimo kilekile cha njia na shimo lilelile la mti.

#9 Mlipa Kodi wa Magomeni

Kama mtaro unatangulia na kiwango kinaandikwa, nitaunga mkono. Ila nataka kuona fedha ya matunzo imetajwa mwanzoni. Tumechoka na uzinduzi.

#10 Mpita Samora

Hapo ndipo penyewe. Napendekeza hivi: hakuna kitu kiwekwe mtaani, kiwe mti, taa au sanamu, bila kuandikwa kwenye daftari la halmashauri nani anakitunza, kwa fungu lipi, na kinakaguliwa lini. Mti unahitaji kumwagiwa maji misimu yake ya kwanza ya kiangazi. Hiyo ni ajira ya mtu mwenye jina na mshahara. Wenye majengo wanaweza kupewa mti mbele ya mlango wao wautunze, lakini kwa mkataba.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo jambo likichelewa kuingia kwenye vikao vya kata halifiki Baraza la Madiwani likiwa na namba. Tunahitaji kwenda kwa madiwani wa kata za katikati kama Kivukoni, Kisutu na Mchafukoge tukiwa na vipimo, si malalamiko. Naomba wanaoweza tukutane Mnara wa Saa Jumamosi hii tutembee mpaka kwa Askari. Tutapima upana wa njia kila baada ya mita ishirini, tutaandika kila ngazi, kila nguzo, kila mfuniko uliokosekana na kila mti. Mwenye simu yenye ramani aje nayo. Mama wa Kisutu, tunakuomba utuonyeshe wenzako wanakaa wapi na maji wanayamwaga wapi, hilo hatutaliona wenyewe.

#11 Vigae na Zege

Nitakuja na futi kamba ndefu na chaki. Saa ngapi? Mkisema saa mbili asubuhi mtaona kivuli cha majengo upande mmoja na mtadhani mambo ni mazuri. Tupime saa saba, jua likiwa utosini.

#12 Bi Mkubwa wa Kisutu

Saa saba mimi niko na wateja, ndiyo biashara yangu. Piteni Kisutu saa tisa, nitakuwa nimemaliza, tutazunguka wote. Chakula chenu nitakiweka.

#13 Magurudumu Mawili

Nipo. Nitakuja na mwendokasi, nikishuka nitawatumia picha ya kila mahali nitakaposhindwa kupita kabla hata sijawafikia. Anzeni kuandika na hapo.